Spès Anatafuta Msomaji Mmoja

Mwaka 2012, pale Malvern, Johannesburg, barabara ya Jules, hapakuwa na msusi wa kumshinda Spès kwa wepesi wa mkono. Hilo hata waliomchukia walilikubali. Rasta ndogondogo, zile za kumkalisha mtu kitini tangu asubuhi hadi jioni, yeye alizimaliza kwa saa sita na kichwa kisiume. Wateja walitoka mpaka Randburg kumfuata. Lakini ukimsifu kwa usukaji alikuitikia kwa heshima tu, kisha akageukia kazi yake. Sifa aliyoitamani Spès ilikuwa nyingine, na wala hakuificha: alitaka mtu mmoja, mmoja tu, asome hadithi yake mpaka amuulize, halafu ikawaje?

Spès ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, ambako hata habari ya kuku aliyepotea huanzia kwa babu yake huyo kuku. Alifika Johannesburg mwaka 2008 na mdogo wake Didier, wakiwa na begi moja na makaratasi ya ukimbizi, akapata kiti katika saluni ya mama mmoja wa Lubumbashi aitwaye Denise. Siku za kazi alisuka. Jumapili baada ya misa aliandika hadithi kwa Kiswahili, katika madaftari ya shule, na madaftari hayo yalikuwa yamefika kumi na manne. Aliyaweka katika kabati la saluni, chini ya pakiti za nywele za kuongezea, na wateja waliyasukuma pembeni wakitafuta chaja.

Didier yeye alichora. Barabara ya Jules imejaa magereji, na mafundi walimpa mabaki ya rangi za magari, naye akachora juu ya milango chakavu iliyotupwa: vichwa vya wanawake wenye misuko, wachezaji mpira, ng'ombe wenye pembe ndefu. Kila Jumamosi aliifunga milango yake kwenye uzio wa waya mbele ya saluni, na kila Jumamosi watu walisimama. Teksi zikingoja kwenye robot, yaani taa za barabarani, abiria walitoa vichwa dirishani. Mlevi mmoja aliwahi kumwamkia ng'ombe. Spès alimpenda mdogo wake, lakini tuseme ukweli, wivu ulimkaba. Ng'ombe yule alichukua alasiri moja. Hadithi ya Spès ilimla miezi minne.

Jumamosi moja akaamua kwamba na yeye atatundika. Alinakili kurasa tatu za mwanzo kwa kalamu nyeusi, akazibana kwa vibanio vya nguo kando ya ng'ombe, akaingia ndani na kuchungulia kupitia pazia. Watu walikuja. Walimtazama ng'ombe, wakaitazama karatasi juu mpaka chini kama walivyomtazama ng'ombe, wakaenda zao. Mzee mmoja mwenye kofia alibaki nyuma.

"Mwandiko mzuri, binti yangu," mzee akasema. "Ulisoma kwa masista?"

Wa pili, aliyedhani ni tangazo la chumba cha kupanga, aliuliza kiko mtaa gani na kodi yake ni kiasi gani. Spès akazibandua karatasi zake.

Akajaribu Facebook. Didier aliweka picha ya ng'ombe, watu mia na kumi na wawili wakaipenda kabla ya chakula cha mchana. Spès akaweka hadithi yake, kurasa kumi na moja za mwanzo, wakaipenda watu wanne. Wa kwanza aliipenda sekunde tatu baada ya kuwekwa, na huyo alikuwa Didier.

Kijana wa watu akaona huruma, akataka kumsaidia dada yake. Hadithi ile ilimhusu Bakiri, mwoka mikate wa Buyenzi, aliyetoka asubuhi moja kwenda kununua unga, mambo yakamharibikia njiani, akarudi baada ya miaka tisa na kukuta mkewe ameolewa na mdogo wake. Didier akamchora Bakiri juu ya mlango mzima, akiwa na mfuko wa unga begani, na chini yake akaning'iniza daftari kwa kamba. Watu walijaa. Mama mmoja alisimama hapo muda mrefu akitikisa kichwa.

"Nimeielewa yote," akasema. "Mwanamume ameonewa." Akaenda zake bila hata kuligusa daftari.

Spès hakusema na Didier siku mbili.

"Lakini nilikuwa nakusaidia, dada," Didier akalalamika.

"Umenisaidia sana. Sasa hata asiyesoma anajua hadithi yangu, na tena anaijua vibaya."

Mkombozi wake alikuja siku nyingine, akiwa na nywele timutimu. Aliitwa Keziah, Mkenya, mfanyakazi wa benki kule Marshalltown, na alikaa Randburg na mumewe Njoroge na watoto ambao aliwasemesha Kiswahili nao wakamjibu Kiingereza. Saluni nzima ilimwita Mama Jeremy. Alikaa kitini saa tatu asubuhi, akachezea simu mpaka ikazima saa nne, na chaja ya kuiingia haikuwepo. Mikono ya msusi ina kazi, lakini anayesukwa mikono yake ni mitupu, na hapo zilikuwa zimebaki saa tano. Keziah akapapasa kabatini akitafuta gazeti, akatoka na daftari la Bakiri.

Alisoma kimya. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Spès, aliyekuwa ameshika nywele, hakuthubutu kuuliza kitu. Denise ndiye aliyeuliza kutoka upande wa pili.

"Mama Jeremy, unacheka nini peke yako? Soma kwa sauti na sisi tucheke."

Keziah akasoma kwa sauti, kwa ile sauti ya mwanafunzi aliyewahi kusimamishwa mbele ya darasa kusoma insha. Televisheni ikapunguzwa, kisha ikazimwa. Rasta zilipokwisha, Bakiri alikuwa ndiyo kwanza amefika mlangoni kwake na kubisha hodi. Keziah alitaka kuondoka na daftari, Spès akakataa, kwa kuwa hakuwa na nakala nyingine.

"Sawa, nitakuja kumalizia," Keziah akasema. "Lakini asisome mtu mwingine kabla yangu."

Hapa lazima niseme siri ambayo Spès hakuwa amemwambia hata Didier. Katika madaftari yote kumi na manne hapakuwa na hadithi hata moja iliyokuwa na mwisho. Wasomaji wake hawakuwahi kuvuka ukurasa wa pili, naye akaona hakuna haja ya kumtandikia kitanda mgeni asiyekuja. Alifika pale patamu, akaacha, akaanza nyingine. Hata sasa hakushtuka sana. Rasta za namna ile hudumu miezi miwili, na zaidi kwa anayejitunza. Alikuwa na muda tele. Akaanza daftari la kumi na tano.

Jumamosi ya tatu Keziah akaingia, akaketi, akaweka mkoba chini.

"Fumua," akasema.

Spès akazishika rasta, akazigeuza huku na huku. Zilikuwa safi kabisa. "Mama Jeremy, mbona ziko sawa? Zimeharibika wapi?"

"Fumua tu, dada. Huyo Bakiri nimemwacha akibisha hodi wiki tatu. Njoroge nimemwambia kichwa kinawasha."

Saluni nzima ikacheka isipokuwa Spès. Akafumua taratibu kuliko alivyowahi kufumua, na mwenzake Annick akaja kumsaidia bila kuombwa, jambo ambalo siku hiyo halikuwa msaada. Wakaanza kusuka upya, na Keziah akaanza kusoma. Wateja wawili waliokwisha kusukwa walikataa kuondoka. Hodi ikabishwa mara ya pili, mke akauliza nani, akachukua taa, akafungua mlango, akasema. Hapo daftari likaisha maneno.

"Akasema nini?" Keziah akauliza. Akafunua ukurasa, mweupe. Akafunua mwingine. "Kwani iliishia hapa?"

"Sijui alisema nini," Spès akajibu. "Sijaandika."

"Ah non," Denise akasema, na chanuo likamwanguka. "Ule mwanamuke amefungua mulango, weye unatuacha sisi inje?"

"Basi tuambie kwa mdomo," Annick akasema.

"Siwezi. Kwa mdomo natia chumvi, inaharibika. Mpaka niandike."

Spès aliogopa, na aliogopa kweli. Miaka minne alikuwa amemtafuta mtu wa kumuuliza swali lile, na sasa ameulizwa na hana jibu. Alimwona Keziah kwenye kioo, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, akajua kwamba huyu akiondoka leo na hasira hatarudi.

"Basi andika," Keziah akasema. "Mimi na kichwa hiki naenda wapi?"

Annick akashika chanuo. Spès akakaa juu ya kreti karibu na mlango, daftari magotini, akaandika. Kila ukurasa ulipojaa aliuchana na kuupeleka, na Keziah akausoma wino ukiwa bado mbichi. Didier aliingia amebeba mlango mpya, pundamilia wa rangi nyekundu ya gari, na hakuna aliyegeuza shingo. Akauegemeza ukutani, akakaa sakafuni, akasikiliza.

Mke alisema karibu. Bakiri akaingia, akawaona wanawe wakimwita mdogo wake baba, akaiona mikono ya mdogo wake iliyoungua kwa tanuri la miaka tisa. Hakudai kitu. Alikaa nao mpaka alfajiri, mikate ilipotolewa, akamwonyesha mwanawe mkubwa namna ya kupunguza moto, kisha akachukua kofia yake na kushika njia ya ziwani. Chini ya hapo Spès akaandika neno ambalo hakuwahi kuliandika maishani mwake, mwisho, akapeleka karatasi.

Kelele zikaanza. Denise alisema Bakiri ni mjinga. Annick akasema wa kuondoka alikuwa mdogo mtu. Macho ya Keziah yalikuwa yamejaa machozi, na uso umekunjamana.

"Umemwacha aende," akamwambia Spès kupitia kioo. "Miaka tisa, halafu umemwacha aende."

"Hakuwa na pa kukaa tena, Mama Jeremy."

Annick alipofunga rasta ya mwisho, Keziah akainuka, akamlipa Denise, akatoka bila kuaga. Spès alimfuata kwa macho mpaka alipofika kwenye gari lake, na roho ilimuuma kupita siku zote za uzio na Facebook. Alikuwa amempata mmoja, na alikuwa amempoteza siku hiyohiyo.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Keziah, na funguo za gari mkononi.

"Dada, huyo Bakiri," akasema. "Alikula kabla ya kuondoka?"

"Alikula," Spès akajibu papo hapo. "Mkewe alimpa mkate wa moto na maharage, na mkate mwingine akamfungia kwenye kitambaa."

"Afadhali," Keziah akasema, akaenda kuwasha gari.