Mimba Changa Haitangazwi

Semeni Stambuli wa Matombo huuza ndizi na mdalasini, na kifuani mwake mna valvu ya chuma inayogonga kama saa ya mezani. Aliwekewa akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya homa ya utotoni kumwachia moyo mbovu. Tangu hapo humeza kila jioni kidonge cha kuzuia damu kuganda, maana ikiganda kwenye valvu, hana maisha.

Nesi Agnes wa kliniki ya moyo, mjini Morogoro, alimwonya mapema kwamba dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa wiki za mwanzo. Asiiache mwenyewe, lakini akipitisha siku zake za hedhi tu, aje abadilishiwe dawa, achomwe sindano. Semeni akaitikia.

Kisha akaolewa na Hashimu, akashika mimba, na mama yake, Bi Pili, akamfunga mdomo. Mimba changa haitangazwi. Watu wana macho. Hata kliniki, mbele ya foleni, alipoulizwa hali alisema salama. Alikuja kusema tumbo lilipokwisha kujisemea lenyewe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alificha na akazaa, na uchungu uko hapo. Faraja alizaliwa na madhara ya ile dawa: pua imebonyea, vidole vifupi, akihangaika kuvuta pumzi. Majirani wakaitafuta pua hiyo katika ukoo wa Hashimu, wakaikosa, wakanong'ona. Bi Pili aliwasikia, akanyamaza. Kimya kile kilimuuma Semeni kuliko minong'ono yote.

Faraja sasa ana miaka mitano, mwerevu na mchokozi, na akilala nyumba nzima humsikia anavyokoroma. Mwezi uliopita Semeni alipitisha siku sita. Bi Pili akaanza tena: subiri kwanza. Semeni hakubishana. Alijifunga kanga akashuka mjini, mama yake akimfuata nyuma.

Mabenchi yalijaa, na Felista, jirani yao asiyeweza kutunza siri hata ya kuku, alikaa mbele kabisa. Nesi Agnes alipomuuliza hali, Semeni alisimama.

"Nimepitisha siku sita, nesi. Naomba unipime."

Watu wakageuka. Aliyaogopa macho yale kama alivyofundishwa tangu utoto, lakini hakukaa. Nesi akamwambia safari hii amewahi, kisha akauliza ile ya kwanza ilikuwaje akachelewa.

Kabla Semeni hajajibu, Bi Pili akainuka kwenye benchi.

"Usimuulize yeye," akasema, Felista akisikia. "Ile ya kwanza, mimi ndiye niliyemfunga mdomo."