Baba Alisema Bastola Siyo Yake, Nikamwambia Ni Ileile

Admini, nifichie jina, maana kaka yangu na mke wake wanaufuata ukurasa huu. Nina miaka 41, nashona sare za shule Chang'ombe. Mkinitukana sitashangaa, nimeshajitukana sana.

Baba yangu ana miaka 79, anaishi nyumbani kwake Bunju pamoja na kaka yangu mkubwa na wifi. Zamani alikuwa msimamizi wa shamba la mkonge. Meneja wake alipoondoka nchini alimwachia bastola ya zamani ya Kihispania, kwa kibali halali chenye jina la baba. Hajawahi kumpiga nayo hata kunguru. Raha yake ilikuwa kuipangusa mafuta kila Jumamosi, ikiwa haina risasi, na mimi kitinda mimba namshikia tochi. Alinifundisha alama zake zote: simba mdogo aliyesimama, herufi ya mwaka iliyotengenezwa chini yake, namba ya juu kufanana na ya chini. Alikuwa anaziba kwa kidole kisha ananiuliza, "Chini ya simba kuna herufi gani?" Nikipatia anacheka mpaka anajifuta machozi.

Mwaka jana kaka alinipigia. "Mdogo wangu, hebu nitumie voisi unielezee alama za bastola ya mzee. Nataka tuandike historia ya familia." Mjinga mimi nikajimwaga, voisi tatu nzima. Nilijiona profesa.

Kumbe alishampata mtu anayekusanya silaha za kale, anayetaka uhakika kama ni orijino. Voisi zangu ndizo zilizomshawishi mnunuzi, na zilezile zikamwelekeza fundi aliyemtengenezea kaka bandia ya kurudisha kwenye sanduku la mzee.

Macho ya baba yamekwisha, lakini vidole vyake vizima. Siku aliyoishika hiyo bandia aliipapasa alama, akaisukuma pembeni. "Hii siyo yangu. Alama ya kweli imegongwa, inakwaruza kidole. Hii laini kama sabuni."

Wifi akacheka. "Jamani, mzee ameshaanza kuchanganyikiwa." Tangu siku hiyo wakawa wanamwongelea mbele yake kana kwamba hayupo.

Nikaitwa mimi ninayezijua alama. Nikafungua skrubu za mbao za mpini. Kwenye ile ya kweli, ndani ya mbao zimegongwa tarakimu tatu za mwisho za namba. Hii ilikuwa tupu. Ndicho kitu pekee nilichosahau kukitaja kwenye voisi, na hapo nikaelewa kila kitu. Kaka aliuona uso wangu, akanivuta uani, akakiri ameiuza.

"Kibali kina jina la nani? Ukiropoka, polisi hawanitafuti mie, wanambeba mzee. Unataka babaako alale selo na yale macho?"

Nikarudi ndani. Baba akaniuliza, "Eti mwanangu, ndiyo yenyewe?"

Nikamjibu, "Ni ileile baba. Pumzika."

Baba alifuta mikono kwa kitambaa chake cha mafuta, akakikunja vizuri, akanipa.

Sasa Jumapili kuna kikao cha familia. Kaka anataka ndugu wakubali kwamba baba hana akili timamu, hati ya nyumba ishikwe na yeye, na uhakiki wa silaha wa polisi ukifika aseme mzee ndiye aliyeipoteza bastola kwa kuchanganyikiwa. Shahidi wake wa kwanza ni mimi. Roho inaniuma, na kaka namchukia kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Jana nilimpigia baba kumjulia hali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hebu nikuulize, chini ya simba kuna herufi gani?"

Nikamwambia. Akasema, "Hata mie nilidhani hiyohiyo. Ila siku hizi kichwa changu sikiamini tena, mwanangu. Si wewe mwenyewe uliniambia ni ileile?"

Nikimtetea namkabidhi polisi, nikinyamaza namzika akiwa hai. Ndugu zangu, Jumapili nikisimama mbele ya ukoo niseme lipi? Nijibuni hata kwa ukali, nitasoma zote.