Maji ya Bahari Yaliyomwagwa Duarani

Bahari iko mbali na Samuye, lakini maji yake yana wateja wengi kwetu. Waganga huyataka. Wachimbaji huyanyunyiza kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la dhahabu, ili mwamba upoe na kuachia mali. Mimi nilikuwa nimeyaleta kwa kazi nyingine.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni ulihusu virusi vinavyoshambulia bakteria wa baharini. Havimgusi mtu. Nilitaka kujua jua na joto vinavidhoofisha kiasi gani, kwa hiyo likizo ile chupa kadhaa nilizianika juu ya bati, nyingine nikazifunga kitambaa cheusi na kuziweka kwenye friji ya mama ya soda. Bila hizo za friji, za juani zisingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

Siku ya kurudi chuoni nikafungua friji, nikakuta tope limetuama kwenye kila chupa.

Mjomba, anayechimba huko Geita, alikuwa uani anakunywa chai.

"Shikamoo mjomba. Nani kagusa chupa zangu?"

"Marahaba. Mimi. Maji yake niliyapeleka duarani. Lakini nimekurudishia, usihangaike. Nimechota lamboni, nikatia na chumvi. Nimeonja, ni yale yale."

"Yale yale? Kijiko kimoja cha maji ya bahari kina virusi vingi kuliko watu wa mkoa huu!"

Akaweka kikombe chini. "Virusi? Ndiyo maana duara halitoi kitu! Umetumwagia ugonjwa."

"Mimi nimewamwagia?"

"Usimjibu mjomba wako hivyo," mama akasema kutoka jikoni.

Nikauliza kwa nini hakuchukua za juani, kama ilikuwa lazima aibe.

"Zile zina moto. Duara linataka baridi."

Nani alithibitisha? Wanaume wazima wanateremka ardhini kwa kamba, bila hata kofia ngumu, na kinga yao ni maji ya mradi wangu. Duara likitoa, maji yamefanya kazi. Lisipotoa, mwenye maji ana kosa. Hakuna anayehesabu maduara yaliyonyunyiziwa yakabaki matupu.

Nikamwaga za tope na za juani mbele yake, mbali na mchicha wa mama.

"Pwani unakwenda lini?" akaniuliza. "Safari hii uvichuje kwanza hivyo virusi."

Nikapanda basi na chupa tupu, kwenda kuanza upya.