Mnyonya Damu Aliyeomba Msamaha

"Umemharibu," mama mdogo alisema, na hata mlango hajamaliza kuufungua. "Wiki nzima namsubiri, nafungua sehemu ya kumi na moja, nakuta mnyama. Hana adabu, hana huruma, anamng'ata yule dada wa watu huku anacheka. Nani kakwambia umfanye vile?"

Mjomba akavua hedifoni, akazima maiki. "Sijamfanya kitu mimi. Ndivyo alivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu sehemu ya kwanza, mdogo wangu."

Mkono wa kulia mama mdogo alikuwa na glavu imejaa dawa ya nywele, ile ya kulainisha. Ndio nikajua leo kuna kazi. Saluni yake iko mlango wa tatu kutoka hapo, na ile dawa ukiizidisha dakika inahamia kwenye ngozi ya mwenye kichwa. Sijawahi kumwona anamwacha mteja na dawa. Siku bomba lilipopasuka alimsuuza mtu kwa maji ya kunywa. Leo kamwacha mteja peke yake kwenye kiti, kaja kumgombea mwanaume ambaye hayupo.

Maana anayegombewa hapa ni mnyonya damu. Wa kwenye tamthilia. Ana miaka mia tatu na ushee, uso mweupe kama sahani, koti refu jeusi, na macho ya mtu aliyelala na viatu. Kazi yake ni kung'ata watu shingoni. Hana nyingine, hajawahi kuonekana hata anafua. Na mtaa mzima, kuanzia saluni mpaka gereji, walikuwa wanampenda kuliko waume zao na kaka zao.

Aliyewafanya wampende ni mjomba.

Mjomba anatia sauti. Tamthilia inakuja na lugha yake, yeye anafunga mlango, anakaa mbele ya kompyuta, anawasemea wote kwa Kiswahili: mwanaume, mwanamke, mtoto, farasi. Mlango ukigongwa, anayegonga ni yeye, kwa kidole juu ya meza. Chumba chenyewe ukutani kabandika trei za mayai ili kelele za nje zisiingie, nyuma ya mlango kuna godoro, na ukikaa humo nusu saa unatoka umelowa kama umekimbizwa. Akimaliza, anaweka kwenye flashi, watu wanachukua. Zamani alikuwa mnadi wa mitumba. Huyu mtu aliwahi kuuza shati la mkono mmoja kwa mtu mwenye mikono miwili, na mnunuzi akaondoka anashukuru. Kwa hiyo mdomo ulikuwepo. Kilichopungua ni lugha.

Tamthilia ya huyu mnyonya damu inasemwa lugha ambayo mjomba haijui hata salamu. Chini kunapita maandishi ya Kiingereza. Sasa Kiingereza cha mjomba kinatembea kwa miguu, na maandishi yale yanapita na pikipiki. Mara nyingi anawahi neno la kwanza na la mwisho, katikati anajaza mwenyewe. Hilo lote tunalijua. Akitafsiri filamu za ngumi hakuna shida, ngumi haina tafsiri.

Kosa lilitokea sehemu ya nne. Walitangaza umeme unakatwa saa nne asubuhi, na ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Mnyonya damu kasimama mlangoni kwa yule msichana, mvua inamnyeshea, anaongea peke yake dakika nzima na nusu. Hakuna nafasi ya kusimamisha picha usome. Mjomba akaangalia uso: umelegea. Akasikiliza muziki: fidla, wa huzuni. Akaamua huyu anaomba msamaha. Akamwombea.

"Sikuwa mimi," akasema, kwa ile sauti yake ya chini. "Ilikuwa kiu. Mimi mwenyewe nilikuwa pembeni, nalia. Nimezunguka dunia nzima, milango yote ni mbao tu. Mlango wako ndio mlango." Hapo katikati akapaliwa, akakohoa, akaendelea. Umeme ukakatika. Hakurudia.

Saluni walilia. Gereji hawakulia, lakini fundi mmoja aliomba irudishwe nyuma, eti hakusikia vizuri. Ikarudishwa mara sita. Ndani ya wiki mbili huwezi kusimama popote bila kumsikia kijana mmoja anamwambia msichana kwamba milango yote ni mbao.

Tatizo ni kwamba mnyonya damu mwenyewe hakuwa na habari kwamba ameshaomba msamaha. Sehemu ya tano akang'ata watu watatu. Mjomba angefanyaje? Akaanza kuwapa marehemu makosa. Mzee wa posta kang'atwa: alikuwa anafungua barua za watu. Muuza maua kang'atwa: kumbe alimnyima mama yake dawa. Kuna askari mmoja aling'atwa usingizini, hajafanya lolote, hajasema lolote tangu tamthilia ianze. Mjomba akakosa kosa la kumpa, akasema anakoroma. Na watu wakakubali. Nilimsikia mama mmoja pale saluni anasema kwa kweli kukoroma kunakera.

Bibi, mama yao mjomba na mama mdogo, alikaa nao siku moja. Akauliza, huyu si mumiani? Wakamwambia ndiyo mama, lakini huyu ana sababu zake. Bibi akasema enzi zao mumiani akitajwa tu watoto walikuwa wanaingia ndani bila kuitwa, sasa naona wakubwa ndio mnamfungulia mlango na kumwuliza amekula. Wakamwomba anyamaze, inaanza.

Haya yote yangebaki kichekesho kama asingetokea Dereva.

Dereva ni yule niliyekuwa namwita baba mdogo. Aliendesha lori la mchanga, akaishi na mama mdogo miaka tisa, mwaka wa tisa akaondoka na mwanamke aliyekuwa anamletea mama mdogo nywele za bandia. Kwa hiyo mama mdogo siku hiyo hiyo alipoteza mume na nywele, na kwa kweli nywele ndizo zilizochukua muda kupata nyingine. Miaka mitatu kimya. Alhamisi iliyopita kasimama mlangoni pa saluni, kavua kofia, kasema: "Sikuwa mimi. Ilikuwa kiu."

Mjomba alikuwepo, kaleta flashi. Akaganda nayo mkononi. Dereva akayasema yote, pembeni nalia, dunia nzima, mbao, mpaka mwisho. Na mama mdogo akageukia kioo, akawa anajifuta macho kwa taulo la mteja. Akamwambia Dereva aje Jumamosi na begi lake.

Tangu pale mjomba hakula vizuri. Maneno yake mwenyewe yanamrudisha yule mtu kwenye nyumba ya dada yake, na yeye hawezi kufungua mdomo. Akisema yale niliyatunga, wataanza kuuliza na lipi lingine ulilitunga, na jibu ni karibu yote. Hata lile la hakimu wa tamthilia ya mwaka jana, ambalo watu walilinukuu kwenye kikao cha ukoo. Basi akafanya jambo la mwoga. Sehemu ya kumi na moja akaitafsiri kweli. Siku mbili, na kamusi, anasimamisha picha kila mstari. Akamwacha mnyonya damu aongee mwenyewe. Akategemea dada yake ataona na ataelewa.

Dada yake aliona. Akaja na glavu.

Na leo ndio Jumamosi yenyewe.

"Sasa nakwambia hivi," mama mdogo akasema, "hiyo sehemu uirudie. Umrudishe alivyokuwa. Leo hii, kabla ya saa tisa."

"Kwa nini saa tisa?"

Saa tisa ndio muda aliompa Dereva, wote mle ndani tulijua.

Mlango ukafunguliwa tena, akaingia mteja. Huyu ana duka la vitambaa, mwanamke mnene mwenye heshima zake, leo heshima zimefunikwa na dawa nyeupe mpaka kwenye masikio. "Dada," akasema, "inaanza kuwasha."

"Ngoja kidogo."

"Nangoja, ila inawasha." Halafu akamgeukia mjomba. "Na wewe kaka hukufanya vizuri. Yule mtu ametulia siku zote."

Mjomba akawaangalia wote wawili. Nadhani ile dawa ndiyo iliyomsaidia, maana huwezi kubishana na mtu ambaye kichwa chake kinaungua kwa ajili ya kumtetea mnyonya damu. Akafungua sehemu ya nne, ile ya mlangoni, sauti ya kwao, bila ya kwake. Akaanza kusimamisha. Kila maandishi yakitokea, anasoma polepole, anatafsiri, kidole kwenye kioo.

"'Mama yako alilia hivi hivi,'" akasoma. Akasogeza. "'Nilimwacha wa mwisho, ili aone wengine kwanza.'" Akasogeza. "'Nifungulie. Nina njaa.'"

Fidla ikaendelea peke yake kidogo, akaizima.

"Lakini ana sura nzuri," mwenye duka akasema, taratibu.

Mama mdogo hakumjali. "Na yale ya milango?"

"Yangu."

"Ya kiu?"

"Yangu. Umeme ulikuwa unakatika."

Nilitegemea amrushie ile glavu. Badala yake akakaa juu ya spika.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Alhamisi yule alipofungua mdomo nilikusikia wewe. Nimekua na hiyo sauti ndani ya nyumba moja, nisiijue? Hata pale ulipokohoa, na yeye kakohoa."

Na kweli. Dereva alikohoa, hapo hapo kwenye mbao. Mimi nilidhani ni mafua.

Mjomba akauliza, sasa kama ulijua ulilia nini. Mama mdogo akaanza kuivua glavu kidole kimoja kimoja. Alisema yule mtu miaka tisa hakuwahi kuishika kichwani hata namba ya simu ya mkewe. Siku simu yake ilipoibiwa alikaa siku nne bila kumpigia, eti namba ilikuwa humo. Sasa mtu huyo kakaa mahali, karudia maneno mstari kwa mstari mpaka na kikohozi. Kwa ajili yake. Hakuna aliyewahi kumkariria kitu.

"Nikasema labda akiyasema mara nyingi yatamwingia," akasema. "Yule wa kwenye tamthilia si yalimwingia? Sehemu ya saba alimfunika yule mtoto blanketi."

Baadaye mjomba aliniambia kwamba sehemu ya saba hakuwa anamfunika.

"Dada," mwenye duka akasema, "sasa inaungua."

Tukatoka wote mbio kuelekea saluni. Kichwa cha watu kikawekwa chini ya bomba, na mama mdogo alikuwa anasuuza wakati Dereva anafika. Hakungoja saa tisa. Begi la bluu, zipu imekufa, imefungwa kwa kamba ya kiatu. Kanyoa. Kasimama kizingitini kama alivyofundishwa.

"Sikuwa mimi," akaanza.

"Hiyo nimeshaisikia," mama mdogo akasema bila kugeuka. "Ni nzuri. Sasa nataka ya kwako."

"Ya kwangu ipi?"

"Uliondoka. Umerudi. Niambie kwa maneno yako, hata mawili."

Dereva akamtazama mjomba. Ule mtazamo ninaujua, nilikuwa nao darasani siku zote mpaka nilipoacha kwenda: unamwangalia mwenye daftari. "Shemeji," akasema, "nisaidie hapo kidogo."

Na mjomba alikuwa nayo. Namjua. Angempa sentensi moja tu, begi lingekuwa ndani na sisi sote tunajifuta machozi kwenye mataulo ya wateja. Akakunja mikono.

"Leo sifanyi kazi, shemeji," akasema.

Basi Dereva akajaribu. Alihama mguu huu akaja huu. "Yule kanifukuza," akasema.

"Endelea."

"Na lori wamelichukua wenyewe. Nalala gereji, mgongo unaniuma." Akafikiri zaidi, tuliona kabisa anafikiri. "Chakula cha kununua kimenichosha."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomaliza. Aliuliza kama mtu aliyeulizwa habari za ofisi ambako hajawahi kufanya kazi. Mama mdogo akafunga bomba, akamfunga mwenye duka taulo, akamwinua vizuri akae. Halafu ndio akageuka.

"Asante," akamwambia. "Hayo sasa ni yako. Chukua begi, hapo ulipoliweka pana maji."

Dereva akasimama kidogo, labda akingoja muziki. Haukuja. Akalichukua begi, kamba ya kiatu ikakatika, soksi mbili zikadondoka, akazirudisha, akaenda. Mama mdogo akachukua fagio la maji akasukuma yale maji mpaka nje, zaidi ya ilivyohitajika, mpaka barabarani.

Kwenye kioo mwenye duka alikuwa anajikagua. Juu ya sikio la kushoto pamekuwa pekundu, lakini alisema si kitu, nywele zimelala. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, akataka kujua sehemu ya kumi na mbili itakuwaje. Yaani, yupi atakuja.

Mjomba akamwangalia dada yake.

"Mrudishe alivyokuwa," mama mdogo akasema.

"Na yote niliyokusomea?"

"Nimesikia yote. Muuaji, mwongo, kamwua mama wa mtu. Mrudishe. Aombe msamaha vizuri, na usikohoe." Akaanza kuchana. "Wa kwenye tamthilia haji na begi."

Mwenye duka akaitikia kwa kichwa, kwa uangalifu, kwa sababu ya sikio. Mjomba akasema atamtafutia kosa yule dada aliyeng'atwa akichekwa, ila itakuwa kazi, maana yule dada alikuwa muuguzi. Mama mdogo akamwambia aseme alikuwa anachelewa kazini.

Simu ya mjomba ikaita. Kuna jamaa anauza dawa ya panya, alikuwa amemkodi amnadie sokoni, na spika imeshafungwa na watu wameshasimama. Akauliza kama kuna mwenye pipi ya koo. Hakuna aliyekuwa nayo. Akanywa maji kwenye kikombe cha kusuuzia, akatoka.