Siku Maroa Alipomwangusha Joe Louis

Maroa hakuwahi kuvaa glavu wala kuona ulingo kwa macho yake. Hata hivyo, mwaka ule Cassius Clay alipomvua Sonny Liston ubingwa wa uzito wa juu, hapakuwa na mtu pale mgodini Macalder aliyesimamia mapambano makubwa kuliko yeye. Alikuwa fundi wa baiskeli mwenye kibanda ubavuni mwa kinu cha kusagia mahindi. Kazi yake ya pili, ambayo ndiyo iliyompa jina, ilikuwa kuwapiganisha, kwa mdomo tu, mabingwa wa ngumi ambao Mungu aliwatenganisha kwa miaka.

Kanuni yake ilikuwa moja: kila bingwa aje na mwili wake wa siku njema. Kengele ya baiskeli ilifungua raundi, pampu ilihema badala ya aliyechoka, na ngumi nzito ilikuwa kofi la kiganja juu ya tairi lililojaa upepo. Jack Johnson alikutana na Rocky Marciano wakati pancha ikizibwa. Dempsey alimsumbua Liston huku spoku zikinyooshwa. Habari zao alizichuma kwenye redio ya kantini ya mgodi na kwa askari waliorudi kutoka Burma. Habari zilipoisha, yeye hakuisha. Wapo waliomletea baiskeli nzima, isiyo na ubovu hata kidogo, ili tu wapate sababu ya kukaa.

Wakati huo Maroa alikuwa akimtaka Jerusha, binti wa Mzee Gisiri, Mkuria mwenzake aliyekaa ng'ambo ya mto karibu na mji wa Migori. Wazee wa pande zote mbili walikwisha kusemezana na siku ya kwenda kujitambulisha ilikuwa imewekwa. Kila mtu alimweleza Maroa tabia za mkwe wake mtarajiwa: hapendi mtu wa kuchelewa, hapendi mtu wa kutafuna huku akisema. Hakuna aliyefikiri kumwambia kwamba vitani, kambini, Gisiri alionyeshwa filamu ya bingwa Joe Louis, na kwamba fahali wake mkubwa aliitwa Luis kwa heshima ya bingwa huyo.

Gisiri naye hakuwa mtu wa kununua ng'ombe kwa kusikia mlio. Siku chache kabla ya ile siku alivuka mto, akafika kinuni, akakaa juu ya gunia miongoni mwa wateja, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alitaka kumwona kijana kabla kijana hajajua kwamba anaonwa.

Kwa bahati ya Maroa, ambayo haikuwa bahati, pambano la siku hiyo lilikuwa kati ya Luis na Clay. Kwa raundi nne alimwacha mkongwe atawale, na yule mzee wa kofia akaonekana akiitikia kwa kichwa. Katika ya tano Clay akacheza kushoto, akacheza kulia, kiganja kikashuka juu ya tairi, pampu ikatoa pumzi ndefu. "Luis yuko chini," Maroa akatangaza, "amekaa kama mzee anayetafuta kiatu chake." Wachimbaji wakacheka. Mwamuzi akahesabu mpaka kumi.

Mzee wa kofia akasimama.

"Kijana, huyu Luis alipotwaa ukanda, huyo mwingine alikuwa wapi?"

"Alikuwa hajazaliwa, Mzee."

"Kwa hiyo umemtuma mtoto ampige baba yake."

Maroa aliona mlango wa mzaha, akaingia bila kubisha. "Kwani wanajuana, Mzee? Mmoja wa Alabama, mwingine wa Kentaki."

Mzee alingoja kicheko kiishe chote. Kisha akavua kofia. "Mimi ni Gisiri. Ile siku usije."

Kwa Wakuria neno lile halikuwa dogo. Mtu wa kizazi cha wana akimwinulia mkono mtu wa kizazi cha baba zake, hutoa mbuzi na kuomba radhi mbele ya wazee. Baba mdogo wa Maroa, Wangwe, alitumwa kueleza kwamba ulingoni wale wawili walikuwa na umri mmoja. Alirudi na jibu fupi: kizazi si umri, mtu huzaliwa nacho, na hata mtoto anayenyonya anaweza kuwa baba yako. Tena, kwa kuwa Clay hawezi kuitwa kutoka Amerika, mbuzi atatolewa na mdomo ulioirusha ngumi. Waluo wa pale kinuni waliposikia walishika mbavu, wakauliza kama Liston naye atadai wake.

Maroa hakucheka. Kengele ikanyamaza, baiskeli nzima zikakoma kuja, na Jerusha akaleta habari kwamba baba yake ameanza kumsifu kijana mwingine. Maroa akawa ananyoosha magurudumu kimya, akiligeuza lile neno la mzee kama spoku iliyopinda: kizazi si umri. Siku moja akaiweka koleo chini, akamfuata Wangwe, akamwambia watafute mbuzi mzuri.

Kwa Gisiri walikuta wazee wamekaa karibu na boma. Pembeni, mama yake Gisiri, Mong'ina, alikuwa akipukuchua mahindi kama mtu asiyesikia. Mbuzi alipokelewa. Kisha Maroa akaomba ruhusa ya kuuliza.

"Mzee, mtu hupata kizazi chake kwa nani?"

"Kwa baba yake."

"Na bingwa hupata ukanda kwa nani?"

"Kwa bingwa aliyemtangulia."

"Basi aliyemtangulia ndiye aliyemzaa." Maroa akaanza kukunja vidole. Vizazi vya Wakuria huenda vinne vinne, cha tano kikarudia jina la cha kwanza. Hivyo cha nne ndicho kinachokizaa cha kwanza. Luis, wa kwanza. Charles, wa pili. Walcott, wa tatu. Marciano, wa nne. Duara likafunga. Patterson akaanza upya, akafuata Johansson, akafuata Liston, na kidole cha mwisho, cha nne tena, kikamwangukia Clay.

"Patterson alipoteza ukanda akaupata tena," Gisiri akasema. "Umemruka."

"Mtu huzaliwa mara moja, Mzee."

Wazee walitazamana, mmoja akakohoa. Maroa akamaliza kwa sauti ya chini na heshima yote: "Clay ni wa kizazi cha baba zake Luis. Sikumtuma mtoto ampige baba. Nilimwona baba akimrudi mwanawe."

Gisiri alipopata pa kushika, macho yakamng'aa. "Baba hamrudi mwana bila kosa. Luis alikosa nini?"

Jibu Maroa alikuwa nalo, ila halikuwa jibu la mdomo wa mchumba. Akainama. Mong'ina akaweka gunzi chini.

"Alimnyima mjukuu wangu mume," akasema.

Bibi ana haki ya utani na wajukuu na wachumba wao, na hakuna mzee awezaye kumjibu mama yake mbele ya watu. Gisiri akageuka kumtazama fahali wake mpaka vicheko vikatulia. Kisha akatoa sharti moja: tangu siku ile, kila Luis akiangushwa pale kibandani, asimame kabla ya kumi.

Jerusha aliolewa. Hapo ndipo Gisiri alipogundua alichopoteza, kwani mkwe na baba mkwe hawaketi pamoja penye mizaha, na kibandani kwa Maroa hapakuwa na kingine. Lakini tangu mwaka ule mahindi ya nyumba yake yalikataa kusagika popote ila Macalder, ingawa njiani alipita vinu vingine. Gisiri alikaa nyuma ya ukuta wa kinu, asikoonekana. Maroa naye aliongeza sauti bila kutazama upande ule. Na kila Luis alipolala chini na hesabu kufika nane, kikohozi kilisikika nyuma ya ukuta, na Luis akainuka.