Mboga Tu

Mwaka wa sitini na nne, mkuu mpya wa chuo cha ualimu huko Migori, mgeni asiyegusa nyama, alimwambia mpishi, "Mama Bathsheba, kuanzia leo tule mboga tu." Bathsheba akakaanga samaki.

"Mboga iko wapi?" mkuu akauliza.

"Si ndiyo hii, Mwalimu? Kinachoteremsha ugali ndicho mboga."

"Nataka majani. Managu."

"Hayo? Hayo mama alitupikia mwaka wa njaa!"

Asubuhi Bathsheba aliingia bustanini amenuna. Ukungu ulikuwa umemeza kila kitu. Vidole vikachuma vyenyewe, na moshi wa jiko la marehemu mama yake ukamjia puani. Mchana wanafunzi walilamba sahani. Bathsheba alikula mwisho, jikoni, amejisogeza pembeni mwa benchi ili mama yake apate pa kukaa.