Kilima cha Vitesi ya Kwanza

Mimi ni mtu wa Kisangani, na kwa muda mrefu sikujua kwamba mtu anaweza kuugua kwa kukosa mlima. Sisi hapa tuna mto, tuna msitu, tuna mvua ya kutosha kuwagawia majirani. Mlima hatuna, na sikuwahi kusikia mtu akiuulizia. Kisha nikaoa mwanamke wa Lubero, kule juu Kivu ya Kaskazini.

Mwaka aliofariki mama yake, barabara ya kwao ilikuwa haipitiki kwa ajili ya vita. Ndege tuliiulizia, hatukupata nafasi. Mke wangu alimzika mama yake kwa simu. Mdogo wake aliishika ya kwake juu ya kaburi, na sisi nyumbani, mtaa wa Simi-Simi, tukasikia nyimbo, upepo, na udongo ukianguka. Halafu mtandao ukakata. Mke wangu alibaki na simu sikioni. Nikamwambia aiweke chini, ale kidogo.

Baada ya wiki chache akaanza kutembea. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la maharage, alikwenda mpaka mwisho wa uwanja wa zamani wa ndege, akarudi. Alirudi amenuna kuliko alivyoondoka. Siku moja nikamwuliza kuna nini.

"Hapa mutu anatembea, anatembea, pumuzi haikatike," akasema. "Kwetu, kama roho iko nzito, unapanda kilima nyuma ya nyumba. Ukifika juu, hauna tena pumuzi ya kulia. Mama ndiye alinifundishaka ile. Papa, unitafutie fasi ya kupanda. Mara moja tu."

Nikaahidi pale pale, kwa kujitapa, kama kawaida yangu. Nilidhani ni kazi ya siku moja.

Kila niliyemwuliza alinipa mahali pake. Jirani alisema twende maporomoko ya Tshopo. Mke wangu alikuwa amekwenda huko, akaona watu wakipiga picha na kunywa bia. Mwalimu mmoja alisifu msitu wa Masako, kilomita kumi na nne tu, kivuli safi, ndege wengi. Nilimpeleka Jumapili moja. Alitembea saa mbili chini ya miti, akashukuru kwa adabu, na kesho yake akarudi kutembea uwanjani. Yangambi ilikuwa na bustani za zamani na mwinuko juu ya mto, lakini mvua ilikuwa imeharibu njia, na pikipiki yangu si ya kijana tena. Hifadhi ya okapi, kule Epulu, ilikuwa safari ya siku nyingi, tena upande ule ule wa vita. Nikaanza kukasirika. Niliukasirikia mji kwa kuwa bapa, na, niseme ukweli, nilimkasirikia na yeye kwa kutaka kitu ambacho mji wangu haukuwa nacho.

Aliyetusaidia ni dereva wa lori aliyekuwa akimletea maharage dukani, mzee mmoja mwenye shingo nene. Madereva wanavijua vilima kwa vitesi, yaani gia wanazotia ili kuvipanda. Akahesabu kwa vidole, kwa Kifaransa, toka gia ya tatu kushuka mpaka ya kwanza.

"Vilima ya troisième, hapana, ile si kitu. Ya deuxième iko mbili. Ya première iko moja tu, kwa barabara ya Ituri, mbele ya kilomita makumi saba. Pale gari inalia, mama. Na juu iko njia ya watu wa kuchoma makala."

Mke wangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na nilimwonea wivu yule mzee.

Tukaondoka Jumamosi asubuhi, yeye nyuma yangu, mikono yake kiunoni mwangu. Mbele ya kilomita hamsini tukakuta mwanzi umelazwa barabarani na vijana watatu wamekaa kando. Sikujua wanamtumikia nani, na siku hizi mtu haulizi. Mmoja akasimama, akaomba karte yangu ya uchaguzi, maana ndiyo kitambulisho chetu. Akaisoma, akanirudishia. Nikasikia mke wangu anafungua mkoba wake atoe ya kwake.

"Mama auti wapi?" kijana akaniuliza kwa Lingala. Mama ametoka wapi?

Tangu vita vya mashariki vianze upya, nimeona watu wakiangaliwa kwa jicho lingine kwa sababu ya jina la mkoa lililoandikwa kwenye karte. Sikufikiri zaidi. Nikajibu kwamba ni mtu wa Isangi, binti wa kwetu, mto huu huu, na karte yake tumeisahau nyumbani.

Mkoba ukafungwa. Kijana akamsalimia. Nami, kwa kuogopa lafudhi yake ya milimani, nikadakia tena kwamba jino linamuuma, hawezi kusema. Mke wangu akafumba mdomo. Mwanzi ukainuliwa, tukapita, na mimi mjinga nikajipongeza kwa ujanja wangu.

Kilima kilikuwa pale pale alipotuelekeza dereva. Mke wangu alivua kandambili, akashika njia ya wachoma makaa bila kunisubiri. Nilimfuata nikihema, nikisimama kila mara kushika magoti. Nilipofika juu nilimkuta ameketi, amenipa mgongo. Chini kulikuwa na msitu tu, hadi jicho lilipochoka.

"Papa, uliwaambia mimi ni mutu wa wapi?"

"Ilikuwa ya kupita tu, mama. Unajua vile siku hizi iko."

"Uliona haya?"

"Niliogopa."

"Uliogopea nani? Mimi, ao wewe?"

Nikamjibu kwamba nilimwogopea yeye. Neno lilipotoka nilijua si kweli. Kama wangemweka kando, ingenibidi nishuke kwenye pikipiki, niseme huyu ni mke wangu, anatoka kule, na mimi niko naye. Hilo ndilo nililolikimbia.

"Nilikuja kupanda kwa ajili ya mama yangu," akasema. "Na njiani umewaambia watu mama yangu ni mwengine."

Akalia hapo, kwa sauti, kwa muda mrefu. Nilitaka kumgusa bega, nikaona aibu.

Wakati wa kurudi, mwanzi ulikuwa bado umelazwa, na kijana alikuwa yule yule. Sikuwa nimezima injini mke wangu alipokwisha shuka. Akamwendea moja kwa moja, karte mkononi.

"Mimi ni mutu wa Lubero," akamwambia. "Jino haiumi. Mume yangu aliogopa."

Kijana akasoma karte mbele na nyuma. Wenzake wakasogea. Niliendelea kukaa juu ya pikipiki, nikiangalia tangi la mafuta.

"Kule bado vita, mama?"

"Bado. Mama yangu alikufa, sikufika kumuzika."

Kijana akavua kofia. "Pole, mama. Na sisi hapa tulizika wengi. Pole sana." Akamrudishia karte kwa mikono miwili, akaenda mwenyewe kuinua mwanzi. Alinipita bila kuniangalia.

Nikapiga kiki mara tatu ndipo injini ikawaka. Mke wangu akapanda nyuma. Nilingoja mikono yake kiunoni, haikuja. Alikuwa ameshika chuma cha nyuma ya kiti, na alikishika hivyo hivyo, kwenye matope na kwenye mashimo yote, mpaka tukaingia mjini.